Mistari Mitatu ya Evaristo Montiel

Waombolezaji wote, mliotoka Busia ya huku na Busia ya kule, mliotoka Tororo mjini, Rubongi na hapa Kiyeyi penyewe, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mlioketi juu ya boda boda zenu kwa kuwa viti havikutosha, poleni sana, na tafadhali tulieni, kwa sababu historia hii ni ndefu na itasomwa yote. Inasomwa kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha mnayoelewana nayo nyote, Msamia na Mjapadhola, Mteso na Mjaluo, na kwa kuwa ndiyo lugha aliyoichagua marehemu mwenyewe, ingawa alikuwa na yake nzuri ya kwao. Anayesoma ni Anjeline, aliyemchapia marehemu kazi zake kwa miaka saba hii ya mwisho, naye amechaguliwa na mjane, Mama Harriet Taaka, si na kamati.

Msishtuke kusikia kamati ikitajwa hivyo. Kamati ya mazishi imefanya kazi, maturubai mnayaona na chakula mtakiona, lakini juzi Alhamisi mwenyekiti wake, Mwalimu Luke, aliichukua historia hii akakata mistari mitatu kwa kalamu nyekundu, wa kwanza unahusu gereza, wa pili unahusu kitabu, wa tatu unahusu mtoto wa tano. Mwalimu hakuwa na nia mbaya, alisema tu kwamba maiti hasemwi, na kwamba mkwe wa watu azikwe akiwa safi. Mama Harriet alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata macho, akamwuliza, "Mwalimu, mume ni wangu, aibu ni yangu, sasa wewe unamfichia nani?" Mwalimu akaomba maji ya kunywa, na mistari yote mitatu imo humu, na kila mmoja ukifika mtaambiwa.

Marehemu Evaristo Montiel Quiroz, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Faristo, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1946 katika mji wa Tehuacán, jimbo la Puebla, nchini Meksiko, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Bwana Fidencio Montiel, mfanyakazi wa kiwanda cha soda, na Bi Amparo Quiroz, mshonaji wa nguo za ubatizo. Wote wawili ni marehemu. Dada yake mkubwa ni Sista Consuelo, ambaye wengi wenu alizichoma mikono yenu chanjo mkiwa wachanga, na ambaye leo ana miaka themanini na mbili na ameketi pale mbele, na ameombwa asisimame ila hasikii la mtu.

Alisoma shule ya msingi huko huko Tehuacán kuanzia mwaka 1952 hadi 1958, akaendelea na sekondari, lakini hakuimaliza, na sababu yake ni insha. Mwezi Mei 1962 waliambiwa waandike kuhusu shujaa wa taifa, wenzake wakaandika majenerali wenye farasi, yeye akaandika kuhusu mlevi aliyekuwa akifagia soko, akaeleza kwamba mtu huyo alifagia vizuri kuliko wote na kwamba alikuwa akilia akifagia. Mwalimu mkuu alimwambia aende nyumbani arudi na shujaa mwingine, naye hakurudi tena, wala yeye wala shujaa.

Mwaka 1963 alikwenda mji mkuu wa kwao, akapata kazi katika duka la sahani za santuri, akafuga nywele, akajifunza gitaa vibaya, na kwa ushuhuda wa dada yake hakulijua hata siku ya mwisho. Lakini kalamu aliijua. Tarehe 9 Septemba 1966, akiwa na miaka ishirini, alitoa riwaya yake ya kwanza, ambayo kwa lugha yetu ni *Redio Chini ya Kitanda*, juu ya vijana wanaotoroka misa ya Jumapili kwenda kusikiliza muziki wa kelele, na aliiandika kwa maneno yale yale ambayo vijana wa mtaani walikuwa wakitupiana, matusi yakiwemo. Wakubwa wa vitabu walisema hii si fasihi, ni kelele za walevi, na vijana wakaisoma mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa. Mwezi Oktoba 1968 wanafunzi wa mji ule walipigwa risasi uwanjani na askari, na rafiki yake mpiga ngoma hakuonekana tena, akiwa hai wala akiwa maiti. Mama wa rafiki huyo hakuwahi kupata kaburi la kulilia wala karatasi ya kusomewa kama hii, na marehemu alisema mara nyingi kwamba kila alichoandika baada ya hapo alikuwa anamwandikia mama yule.

Sasa mstari wa kwanza. Tarehe 22 Februari 1971 Evaristo Montiel alikamatwa na polisi akiwa na bhangi, akafungwa gerezani miezi saba na siku tano, akatoka tarehe 27 Septemba mwaka huo huo. Serikali yao ilisema ilikuwa gunia, yeye alisema ingejaa kiberiti kimoja, ila alisisitiza iandikwe wazi kwamba haikuwa ya kusingiziwa, ilikuwa yake. Humo gerezani ndimo alimoanza kazi mliyomjua nayo, maana wafungwa wasiojua kusoma walimjia awaandikie barua za nyumbani, na ili barua iwe ya kweli ilimbidi kwanza awaulize walizaliwa wapi, walipenda nani, walimkosea nani. Alitoka mule na daftari sita na jino moja pungufu. Mstari wa kwanza ndio huo, umesomwa, na turubai halijaanguka.

Aliandika vitabu vingine viwili huko kwao, kimoja kikapigwa marufuku na kimoja kikasahaulika, na kilichosahaulika ndicho kilichomuuma zaidi. Tarehe 6 Machi 1984, akiwa na miaka thelathini na saba, alivuka mpaka wa Busia kwa miguu, begi moja begani na mashine ya taipu mkononi, akija kumtembelea dada yake katika zahanati ya misheni kwa wiki tatu. Wiki hizo tatu zimekwisha Jumatatu hii.

Aliyemchelewesha ni mashine. Pale mpakani Mzee Okochi, aliyekuwa na ofisi ndogo ya kutoa mizigo forodhani, alimwona akihangaika na maswali ya askari, akamwitia binti yake Harriet aje ajaze fomu za mgeni, Harriet akaiona ile taipu, akaiazima kwa jioni moja, akakaa nayo siku tisa. Marehemu alifuata mashine akapata mke. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 12 Disemba 1987 hapa Tororo, bwana harusi akiwa na nywele mgongoni zilizofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na Mzee Okochi, Mungu amrehemu, alipoulizwa na ndugu zake kwa nini anamwoza binti kwa mtu mwenye nywele kama Samsoni, aliwajibu kwamba Samsoni angalau alikuwa na nguvu, huyu hata gunia la sukari halibebi, lakini anamsikiliza mtoto akiongea mpaka mwisho.

Mchana alichapa fomu za forodha katika ofisi ya mkwe wake. Kazi ile nyingine, ya kuandika maisha ya watu, ilimfuata yenyewe. Tarehe 17 Juni 1989 alifariki jirani yao Mangeni, na familia, ikijua yule Mmeksiko ana mashine, ilimwomba aandike historia ya marehemu, kurasa mbili, alizaliwa, alisoma, alioa, alikufa. Evaristo hakwenda kwa wazee walioketi vitini. Alikwenda jikoni, akaketi siku tatu na wanawake waliokuwa wakipika, akamenya ndizi nao, akauliza. Siku ya mazishi watu wakasikia kwamba Mangeni alivusha kahawa ya magendo kwa baiskeli miaka ya njaa, kwamba aliwahi kuitupa yote mtoni ili ambebe mwanamke mjamzito aliyemkuta njiani, na kwamba aliwaogopa bata. Watu walicheka mpaka wakalia, wengine walilia mpaka wakacheka, na mjane wake akasimama akasema, "Huyu sasa ndiye wangu. Yule mliyekuwa mnamsema tangu asubuhi mimi simjui."

Tangu siku hiyo mtu hakufa kati ya Malaba na ziwani bila mtu mwingine kusema, mwiteni Faristo. Aliandika historia mia nne na kumi na mbili, za wavuvi, za makarani, za askari wa Rubongi, ya mama mmoja aliyebadilisha fedha mpakani miaka thelathini na hakuwahi kuvuka upande wa pili, ya mtoto wa siku kumi na moja ambayo ina sentensi nne na hakuna aliyeisikia akasahau. Alikuwa na sheria zake na hakuzivunja kwa chifu wala kwa padri. Atakaa jikoni siku tatu. Hatapokea kitu mpaka baada ya kusomwa. Kila mtoto aliyepumua ataandikwa, wa ndani na wa nje, aliyekubaliwa na aliyefichwa, ila mtoto wa nje haandikwi kabla mama yake hajasema ndiyo kwa mdomo wake. Na sheria ya mwisho, uongo hauingii, hata mstari mmoja, kwa sababu, alisema, mtu akishakufa hawezi tena kusema, jamani, huyo si mimi.

Mnajua yaliyomfika kwa sheria hizo. Alifukuzwa matangani mara tisa, alimwagiwa uji mara moja, mheshimiwa mmoja alimtuma mtu amwonye kuhusu historia ya baba yake, na marehemu akamrudishia mjumbe huyo karatasi ikiwa na mke mmoja zaidi. Lakini mnajua pia wangapi kati yenu mlipata ndugu siku ya mazishi, mkaangaliana juu ya kaburi mkakuta pua ni moja. Alizihifadhi nakala zote katika sanduku la bati chini ya kitanda chake, na watu wa kwao walipomwandikia kuuliza kama bado anaandika riwaya, alijibu kwamba anaandika moja tu, ina wahusika mia nne, na inatoka sura moja kila Jumamosi.

Hata hivyo riwaya nyingine aliandika, na hapo ndipo ulipo mstari wa pili. Mwaka 1992 alimaliza *Nakwenda Narudi*, juu ya vijana watatu wa Busia wenye gitaa la umeme na wasio na umeme, wanaopiga muziki kwa betri ya lori mpaka dereva anaamka, na aliiandika kwa Kiswahili chetu hiki cha mpakani, chenye Kisamia ndani, Kijaluo ndani, cha mtu anayesema nakwenda na akaenda kweli. Mchapishaji wa mji mkubwa aliirudisha mara tatu imejaa wino mwekundu, akisema hii ni lugha ya wapagazi, na marehemu akamjibu kwa barua ya mstari mmoja, kwamba wapagazi nao wana macho. Akaichapa mwenyewe kwa stensili, nakala mia mbili, zikauzwa na vijana wa boda boda chini ya viti vya baiskeli. Katika shule moja ya sekondari, ambayo haitajwi, wanafunzi kumi na wanne waliokutwa nayo walichapwa viboko sita sita, tarehe 3 Novemba 1993, na mwalimu wa zamu, ambaye yupo hapa na hatajwi, alizichukua nakala zote akazichoma, isipokuwa moja. Hiyo moja alikwenda nayo nyumbani. Miaka mitano baadaye alikuja kwa miguu mpaka mlangoni kwa marehemu, akaketi, akanywa chai vikombe viwili, akauliza kama kuna nyingine. Wakawa marafiki mpaka kifo. Huo ndio mstari wa pili, na Mwalimu, marehemu hakuuandika kukuaibisha, aliuandika kwa sababu alisema katika wasomaji wake wote, wewe peke yako ndiye uliyekuja kusema samahani.

Kuhusu watoto, Mungu aliwabariki marehemu na Mama Harriet watoto wanne, nao ni Geoffrey Okochi, aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1988, Damalie Amparo, tarehe 11 Aprili 1990, Lenox, tarehe 25 Julai 1993, na Paddy Fidencio, tarehe 8 Januari 1997. Wamempa wajukuu saba. Mtoto wa tano ana mahali pake mwisho wa karatasi, kwa sababu marehemu mwenyewe ndipo alipomweka.

Ugonjwa wake ulianza mwezi Agosti 2023 kwa miguu kuvimba, akasema ni viatu, akabadilisha viatu. Mwezi Novemba madaktari walimwambia ni figo, na tangu Februari 2024 alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na hata kule wodini aliwauliza wagonjwa wenzake walizaliwa wapi na walimkosea nani, mpaka muuguzi mmoja akamwambia, "Mzee, hawa hawajafa bado." Aprili mwaka huu aliomba historia yake mwenyewe ichapwe, akaisema kwa mdomo, kitandani, kwa siku tatu, kama ilivyo sheria, na wa kuchapa akiwa msomaji huyu. Walipofika kwa watoto aliwataja wanne, akasema, "Acha nafasi ya mstari mmoja mwisho wa karatasi. Halafu nikishaondoka, kamwulize mama yako kama ujazwe." Msomaji alidhani ni homa. Akaacha nafasi.

Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, Evaristo Montiel Quiroz alifariki dunia nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na minane, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama Harriet. Walioosha mwili waliuliza kama nywele zikatwe ili akae vizuri ndani ya jeneza. Hazikukatwa. Mkipita kumuaga mtaziona, nyeupe zote, na ule mpira wa tyubu, na asiyependa aangalie pembeni.

Basi, mstari wa tatu, na tafadhali wale wa nyuma msogee, kwa sababu huu hausomwi mara mbili.

Mwaka 1999 mashine ya marehemu iliharibika, akaanza kupeleka kazi zake ng'ambo, upande wa Kenya, katika duka la kuchapa la Bi Nereah, mke wa Osborn, dereva wa malori ya Bujumbura, aliyekuwa akikaa safarini wiki tano, wiki sita. Yaliyotokea yalitokea, na kwa kuwa marehemu hakutaka kisingizio katika historia yoyote, hapa pia hakiandikwi. Tarehe 3 Februari 2001 alizaliwa mtoto wa kike. Osborn alirudi, akahesabu, kwa maana dereva anajua kuhesabu siku, akamchukua mtoto akamwinua juu, akampa jina la mama yake mzazi, na hakusema neno lingine miaka kumi na minane. Alimfundisha baiskeli. Alimletea viatu vya Bujumbura vilivyokuwa vikubwa kila mara. Alipougua, mwezi Februari 2019, alimwita Faristo aje aandike historia yake, Faristo akaja, akakaa siku tatu jikoni kwa Nereah, na siku ya tatu Osborn akamwambia, "Mzee, wewe hukubali uongo, najua. Lakini huyu mwandike wangu. Mimi ndiye niliyekimbia nyuma ya ile baiskeli." Na Jumamosi tarehe 16 Machi 2019, kaburini kwa Osborn, ikasomwa kwamba ameacha binti mmoja, na aliyeandika mstari huo ni yule ambaye hakuwahi kuandika uongo. Mstari mmoja, katika historia mia nne na kumi na mbili.

Yule binti alikuwa amesimama pale kaburini akilia. Tangu mwaka uliotangulia ndiye aliyekuwa akimchapia marehemu dukani, na aliendelea kumchapia miaka sita mingine, akimpikia chai, akimsomea macho yalipochoka, akiitwa mwanangu kama wazee wanavyowaita watoto wote, naye mzee hakumwambia. Na kwa kuwa marehemu alitaka ukweli, ukweli ndio huu, msomaji alipomwuliza mama yake Jumanne hii, mama alizima kompyuta, akasema, "Jaza. Osborn alijua, Harriet alijua, mimi nilijua. Ni wewe peke yako tuliyekunyima." Msomaji alikasirika, na hajamaliza kukasirika hata sasa. Mtu aliyeingia kila jiko la mpakani kutafuta watoto waliofichwa aliogopa jiko moja tu, na ndilo lililokuwa na mtoto wake. Alimheshimu Osborn, sawa, aliilinda sheria ya mama kusema ndiyo, sawa, lakini Mzee, kikombe cha chai hakihitaji ruhusa ya mtu, ungesema hata siku moja, hata kwa kunong'ona.

Msomaji alikwenda hivyo hivyo na hasira yake kwa Mama Harriet, akiwa tayari kufukuzwa, akakuta mama anapepeta mchele, akamwambia yote. Mama Harriet akamsogezea kigoda. Akamwambia kwamba amemngoja tangu 2001, na kwamba historia ya mtu isisomwe na mgeni wakati mtoto yupo. Ndiyo maana ni yeye anayesoma.

Mwalimu Luke alipoukata mstari huu alisema neno moja la haki, kwamba mtoto hawezi kuandikwa katika historia mbili, kwamba akiingia kwa huyu lazima atoke kwa yule. Hapana, Mwalimu. Hatoki. Aliyekimbia nyuma ya baiskeli hafutwi na damu, na damu haifutwi na baiskeli. Historia ya Osborn ibaki kama ilivyosomwa, wala haikuwa uongo, ilikuwa nusu, na nusu yake ya pili ni hii, kwamba mtoto wa tano wa Evaristo Montiel ni Anjeline, binti wa Nereah na wa Osborn, na wa yeye pia. Yumo katika historia mbili, na anayeona ni nyingi aende akapunguze zake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu marehemu na kuvumilia maswali yake. Inawashukuru majirani wa Kiyeyi waliolala hapa siku tano, vijana wa boda boda waliobeba maji, makarani na madereva wa pande zote mbili waliofunga kazi leo, na kamati, pamoja na mwenyekiti wake na kalamu yake. Inamshukuru Sista Consuelo, aliyemwalika kwa wiki tatu. Inamshukuru Bi Nereah, aliyevuka mpaka asubuhi hii akakaribishwa na mwenye nyumba na kukalishwa mstari wa mbele. Na inamshukuru Osborn popote alipo, kwa kukimbia.

Sasa, kama ilivyo desturi yetu, watoto wa marehemu wasimame watu wawaone. Geoffrey. Damalie. Lenox. Paddy. Wa tano hana haja ya kusimama, amesimama mbele yenu tangu mwanzo.

Pumzika kwa amani, Mzee Faristo. Pumzika kwa amani, baba.